Fuvu la Kalenga na mjadala wa ukweli katika Nyanda za Juu Kusini

Miongoni mwa mijadala mikongwe ya falsafa ni ule unaouliza kama ukweli ni mmoja kwa watu wote au kama kila jamii ina ukweli wake. Wanafunzi wengi huufahamu mjadala huu kupitia Plato, aliyeyapinga mafundisho ya Protagoras katika Ugiriki ya kale, lakini sehemu kubwa ya hoja za mjadala huo katika karne ya 20 ilitokana na utafiti uliofanyika Afrika, na Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika zilitoa mifano miwili, mmoja wa Rungwe na mwingine wa Iringa, ambayo inastahili kusomwa pamoja. Upande mmoja wa mjadala huitwa urelativisti, yaani msimamo kwamba kauli huwa kweli au uongo kwa kufuata vigezo vya jamii inayoitoa, wala hakuna kigezo kilicho juu ya jamii zote. Upande wa pili hutetea ukweli yakini, yaani ule unaobaki kuwa kweli hata pasipokuwa na mtu anayeuamini.

Mwanaanthropolojia Godfrey Wilson alianza utafiti wake kwa Wanyakyusa wa Rungwe mwaka 1934, mkewe Monica akaungana naye mwaka uliofuata, nao wakaendelea na kazi hiyo hadi 1938 wakisaidiwa na karani Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, ambaye mchango wake ulichelewa mno kutambuliwa. Walikuta vijiji vya rika, ambamo wanaume wa umri mmoja walijenga pamoja badala ya kukaa na ndugu zao wa ukoo, na katika vijiji hivyo mchawi alidhaniwa kuwa mtu anayesukumwa na uroho wa nyama na maziwa ya jirani. Jambo lenye uzito kwa falsafa ni kwamba nguvu ileile ya mchawi, ilipotoka kwa majirani waliochukizwa kwa haki na mwenendo wa mwenzao, iliitwa pumzi ya watu, nayo ilisadikiwa kumletea mkosaji baridi na homa. Ugonjwa ulikuwa mmoja na dalili zake zilikuwa zilezile, lakini kama ulikuwa dhuluma ya mchawi au adhabu halali ya kijiji kulitegemea makubaliano ya watu kuhusu tabia ya mgonjwa. Ubishi uliposhindikana kwisha, watu walinyweshwa mwavi, sumu ya kiapo, na aliyeitapika alihesabiwa kuwa hana hatia.

Serikali ya kikoloni ilikataza viapo vya namna hiyo, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo hata leo imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania, iliandikwa kwa tahadhari ya kipekee: inamwadhibu mtu anayedai kuwa na uwezo wa uchawi au anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, bila kulazimika kuamua kama uchawi wenyewe upo. Monica Wilson naye alishika njia inayofanana na hiyo alipochapisha, mwaka 1951, ulinganisho wa Wanyakyusa na Wapondo wa Afrika Kusini, akaeleza kwamba Wapondo walihusisha uchawi zaidi na tamaa ya mwili kwa sababu walikaa na ndugu wasioruhusiwa kuoana, ilhali Wanyakyusa waliuhusisha na chakula kwa sababu ya maisha ya vijiji vya rika. Kazi hiyo mara nyingine hutajwa kama ushahidi wa urelativisti, lakini kuisoma hivyo ni kuisoma nusu, kwa kuwa mtu anayelinganisha jamii mbili na kutoa sababu ya tofauti zao ametoa dai linalokusudiwa kuwa kweli kwa jamii zote mbili na kwa msomaji wa jamii ya tatu.

Hoja kali zaidi ya urelativisti ilitolewa mwaka 1964 na mwanafalsafa Mwingereza Peter Winch, akitumia maandishi ya mwanaanthropolojia Evans-Pritchard kuhusu Waazande, ambao nao walitafuta majibu kwa sumu, ingawa wao waliwapa kuku. Winch alishikilia kwamba kipi ni halisi na kipi si halisi hujulikana ndani ya lugha na maisha ya jamii husika, kwa hiyo sayansi ya Ulaya haina mamlaka ya kutangaza kwamba Waazande wamekosea. Hoja hiyo ina heshima ndani yake, nayo iliwakinga Waafrika dhidi ya dharau iliyozoeleka katika maandishi ya wakati huo, lakini inashindwa kumjibu mtu aliyenyweshwa mwavi akafa huku akijua moyoni kwamba hakutenda alilotuhumiwa.

Mfano wa Iringa ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo waliodai kuwa na kipimo kisichopendelea upande wowote walikuwa wakoloni. Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, ambaye jeshi lake lililishinda jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, alijipiga risasi mwezi Julai 1898 baada ya kuwindwa kwa karibu miaka minne tangu ngome yake ya Kalenga ilipotekwa, na kichwa chake kilikatwa na kupelekwa kwa Wajerumani waliokuwa Iringa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliiagiza Ujerumani kuikabidhi Uingereza fuvu hilo katika muda wa miezi sita, na kililitaja kama kitu ambacho bila shaka kilikuwa kimepelekwa Ujerumani, lakini Wajerumani walikana kuwa nalo, na suala likalala kwa zaidi ya miaka 30.

Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelifufua. Mwaka 1953 alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, ambayo 84 kati yake yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalitengwa yale ambayo uwiano wa upana na urefu wake ulikaribiana na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na katika hayo likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954, wakati Kenya ikiwa katika hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau na siku 18 tu kabla ya TANU kuundwa, Twining alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa na baadaye Spika wa Bunge. Fuvu hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Uthibitisho huo ulikuwa dhaifu. Uwiano wa upana na urefu wa kichwa ulikuwa umekwisha kutiliwa shaka na mwanaanthropolojia Franz Boas, ambaye vipimo vyake vya maelfu ya wahamiaji waliofika New York, vilivyochapishwa mapema katika miaka ya 1910, vilionyesha kwamba umbo la kichwa hubadilika kati ya wazazi na watoto waliozaliwa Marekani, na ingawa wataalamu wa baadaye walibishana kuhusu kiasi cha mabadiliko hayo, hakuna anayeweza kutambua mtu mmoja kwa uwiano huo. Boas huyohuyo ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa urelativisti wa kitamaduni, unaomtaka mtafiti azielewe desturi za watu kwa mantiki ya watu wenyewe kabla ya kuzihukumu, na inafaa kuzingatiwa kwamba alipotaka kuivunja nadharia ya ubora wa mbari hakusema kwamba kila jamii ina ukweli wake kuhusu mafuvu, bali alipima upya, kwa uangalifu zaidi, akaonyesha kwamba wenzake walikosea. Tundu la risasi nalo halitoshi, kwa kuwa Waafrika wengi walikufa kwa risasi katika vita vya Wajerumani.

Katika miaka ya 1970 mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana aliandika kwamba ukweli si kitu zaidi ya maoni, yaani mtazamo wa mtu uliofikiwa kwa uchunguzi makini, na Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi akampinga, akisisitiza kwamba kuamini jambo na jambo hilo kuwa kweli ni vitu viwili tofauti. Kwa suala la Kalenga, Oruka ndiye mwenye msaada mkubwa zaidi. Heshima iliyorudishwa kwa Wahehe mwaka 1954 ilikuwa ya kweli kwa maana ya kijamii, haikuhitaji ruhusa ya wapima mifupa, na hapo urelativisti una haki yake. Hali kadhalika, uamuzi wa kulinganisha vinasaba vya fuvu hilo na vya kizazi cha Mkwawa, au na mabaki ya mwili wake yaliyozikwa Mlambalasi, ni wa ukoo na jamii yake, kwa kuwa wale waliopima vichwa vya Waafrika zamani hawakuomba idhini ya mtu. Hata hivyo swali la mfupa huo ulikuwa wa nani lina jibu moja, ambalo halikuamuliwa na Twining wala Bremen, wala haliwezi kuamuliwa kwa kura. Iwapo si wa Mkwawa, basi ni wa mtu mwingine wa Afrika Mashariki aliyepigwa risasi, mwenye jina na ukoo, ambaye jamaa zake hawakuwahi kuambiwa kwamba amerudi, na mahali pa fuvu la Mtwa mwenyewe pangekuwa bado hapajulikani.