Guangzhou kwa wasafiri wa Mbeya na Iringa

Guangzhou (zamani ilijulikana pia kwa jina la Canton) ni mji mkuu wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Katika sensa ya mwaka 2020 ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 18. Wafanyabiashara wengi wa Mbeya na Iringa hununua bidhaa za China Kariakoo, lakini wapo wanaozifuata wenyewe huko zinakotoka: nguo, viatu, simu na vipuri vya pikipiki.

Njia

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nyanda za Juu Kusini. Msafiri hufika kwanza Dar es Salaam, ama kwa ndege kutoka Songwe, ama kwa basi: takriban kilomita 830 kutoka Mbeya na 500 kutoka Iringa. Viza hutolewa na ubalozi wa China. Kutoka Dar es Salaam wengine hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Saa za China zimetangulia za Tanzania kwa saa 5. Mwezi Julai, wakati Uyole na Mafinga watu wanajifunika mablanketi, Guangzhou kuna joto la jasho kuliko hata la Dar es Salaam. Sweta ibaki nyumbani.

Mji na wageni wake

Wafanyabiashara Waarabu na Waajemi walikuwa wakiishi Guangzhou tangu enzi ya nasaba ya Tang, na msikiti wa Huaisheng ni kati ya misikiti ya kale kabisa nchini China. Siku hizi Waafrika hukutana zaidi Xiaobei na Sanyuanli, ambako kuna hoteli za bei nafuu na chakula halali. Wenyeji huzungumza Kikantoni na Kichina sanifu; bei hupatanwa kwa kuandika tarakimu kwenye kikokotoo. Maonyesho makubwa ya biashara, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba.

Mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika. Hoteli hufanya kazi hiyo yenyewe, lakini anayelala kwa rafiki huenda mwenyewe. Pasipoti hukaguliwa mara kwa mara. Mwezi Aprili 2020, wakati wa UVIKO-19, Waafrika wengi walifukuzwa katika nyumba na hoteli walimokuwa wakiishi, hata wenye vibali halali, na mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya malalamiko. Tanzania ina ubalozi mdogo Guangzhou, na ni vema kuwa na namba yake ya simu kabla ya kuondoka.

Kununua na kusafirisha

Hapa ndipo mtaji huokoka au hupotea. Kwa kawaida kiwanda hudai malipo ya awali, mara nyingi asilimia 30, na yanayobaki kabla ya mzigo kuondoka. Sampuli nzuri dukani si ushahidi wa mzigo mzima; mnunuzi makini husubiri maboksi yafunguliwe ghalani ndipo amalizie kulipa. Asiye na mzigo wa kujaza kontena huchangia na wengine, akilipia kwa mita za ujazo. Meli huchukua zaidi ya mwezi mmoja. Bandarini mzigo hulipiwa ushuru TRA, na bidhaa zenye nembo bandia zinaweza kukamatwa na kuteketezwa hata kama mwenye mali hakujua. Kisha hubaki nauli ya lori hadi Mwanjelwa au Iringa mjini, ambayo wasafiri wa mara ya kwanza husahau kuihesabu.