Maji Yapandishwayo Mlimani

Wahenga walisema kuwa maji hufuata mkondo, na msemo huo haujapata kukanushwa. Lakini watu wa Ushetu, Kahama na Shinyanga wamekaa katika nchi ambayo mito yake mingi hujaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi, na Ziwa Victoria, lililo kaskazini yao, haliwezi kuwafikia kwa hiari yake. Kuyaleta maji yake kwataka nguvu. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba, katika historia ya nguvu hiyo, kazi ngumu haikuwa kuipata, bali kuitawala.

Mwaka 1821 Michael Faraday alifanya waya wenye umeme uzunguke sumaku katika maabara yake mjini London. Kilikuwa kitu cha kutazamwa tu, kisichoweza kuinua hata kikombe cha maji. Mwaka 1888 Nikola Tesla alipata hataza za mota isiyohitaji waya wowote kugusa sehemu yake inayozunguka, na mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, akiwa Ujerumani, akaiunda mota ya fezi tatu ambayo wajukuu wake ndio wanaozungusha pampu hata leo. Uimara wake ulikuja pamoja na ukaidi. Kasi ya mota hiyo huamuliwa na mambo mawili tu: idadi ya ncha za sumaku zake na mapigo ya umeme wenyewe. Umeme wa Tanzania hupiga mara 50 kwa sekunde. Basi katika mota ya ncha nne, nguvu ya sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota huifuata ikiwa nyuma kidogo. Fundi akipenda asipende, ndivyo itakavyokwenda.

Ukaidi huo huanza pale mota inapowashwa. Ikiunganishwa moja kwa moja, huvuta umeme mara tano hadi nane ya kiasi chake cha kawaida, na taa za jirani hufifia. Ndiyo sababu mafundi wakabuni njia ya nyota na pembetatu, waiitayo sta-delta. Kwanza koili tatu huunganishwa mfano wa nyota, na kila moja hupata volti 230 badala ya 400. Umeme unaovutwa hushuka hadi theluthi, na nguvu ya kuzungusha vilevile. Mota ikishapata mwendo, swichi huzigeuza koili kuwa pembetatu. Pampu ya kuzungusha maji yafaa sana kwa njia hii, kwa kuwa mzigo wake ni mwepesi kasi inapokuwa ndogo. Lakini yataka uangalifu: nyaya mbili zikibadilishana mahali, pampu huzunguka kinyume na bado hutoa maji kidogo, ikamdanganya mwenyewe, na fezi moja ikikatika, mota hunguruma, hupata joto na kuungua isipokuwa kuna kinga ya kuizima.

Kuhusu kasi, kwa miaka mingi dawa ya pekee iliyozoeleka ilikuwa kubana vali, yaani kuiacha mota ikimbie huku maji yakizuiwa, mfano wa mtu anayempiga punda mjeledi na papo hapo akimvuta kamba. Mwaka 1957 thairista ilitokea Marekani, na katika miaka ya 1960 vikaanza kuuzwa vyombo vya kubadili mapigo ya umeme wenyewe. Hapo ndipo mota ilipotii. Faida yake ni kubwa: kasi ikipunguzwa hadi asilimia 80, maji hupungua hadi asilimia 80, lakini nguvu inayohitajika hushuka hadi asilimia 51 hivi.

Hata hivyo hesabu hiyo ina sharti lake, na nchi yetu yatufundisha sharti hilo. Mkataba wa 1929 baina ya Misri na Uingereza ulizuia kazi yoyote katika maziwa ya Nili ambayo ingepunguza maji ya Misri bila idhini yake. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitamka kwamba nchi hiyo haifungwi nao. Mwaka 2004 ujenzi ulianza, na mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete akauzindua mradi wa Ihelele, wilayani Misungwi. Pampu huyasukuma maji ya ziwa hadi tangi lililo juu ya kilima cha Mabale, na kutoka huko huteremka kuelekea Shinyanga na Kahama.

Sasa tuchukue mfano wa pampu yoyote iwezayo, kwa kasi kamili, kuyafikisha maji mita 120 kwenda juu. Kwa asilimia 80 ya kasi hiyo haivuki mita 77. Kilima kikiwa cha mita 100, mota itazunguka, umeme utaliwa, na tangi halitapata hata tone. Mahali penye kilima, hekima ni kuwa na pampu kadhaa na kuwasha zile zinazotosha. Kupunguza kasi kwafaa zaidi katika mabomba ya mjini yaliyo karibu na tambarare, ambako kipingamizi ni urefu wa bomba, na usiku watu hufunga bomba zao.

Shimo la mgodi nalo ni kilima kilichopinduliwa. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofungwa 1966, na ule wa Bulyanhulu, uliofunguliwa 2001, yote ni migodi ya chini ya ardhi, na migodi mingi ya namna hiyo haichimbiki pasipo kutoa maji. Mchimbaji mdogo ashukaye shimoni kwa kamba yumo katika sheria ileile: pampu yake ikipunguzwa kasi kupita kiasi, maji hurudi alipo yeye, na waya wake usipofungwa vema na kuunganishwa na ardhi, umeme humfuata majini. Kwa hiyo maarifa haya hayafai kubaki katika vitabu vya kigeni. Fundi anayekariri rangi za nyaya bila kujua sababu zake anayashika maisha ya mwenzake kwa kubahatisha, na sababu hizo, kama tulivyoona, zaelezeka kwa Kiswahili.