Nani Kamkalisha Nani? Historia ya Neno "Settle"

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya vijana hapa Dzaleka, mama mmoja jirani yetu alinijia asubuhi na karatasi mkononi. Hapa nitamwita Mama Mapacha. Ni mtu wa Fizi kama sisi, anauza usipa sokoni, zile samaki ndogo za Ziwa Malawi ambazo sisi tuliozoea Tanganyika tunaziita tu ndagala. Kiingereza hasomi. Mimi nilikuwa nimemaliza Form Four hapa hapa kambini, na mtaani kwetu ukimaliza Form Four unageuka kuwa ofisi ya tafsiri, utake usitake.

"Mwanangu, hii barua inasema nini?"

Barua yenyewe fupi. Nikaona jina lake, nikaona namba ya kesi, halafu macho yakaruka mpaka kwenye neno moja: settled. Na si mnajua neno hilo linavyosikika masikioni mwetu? Kambini "resettlement" iko mdomoni kila siku. Ndiyo Canada, ndiyo Marekani, ndiyo Australia. Sikumaliza hata kusoma. Nikamwambia, "Mama, kesi yenu imepita. Mnaenda."

Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Kwa siku 4 akauza mbabula yake, masufuria mawili makubwa, kitanda, na meza yake ya sokoni. Siku ya 5 barua ikafika kwa mtu anayejua Kiingereza kuniliko. Yeye akaisoma polepole mpaka mwisho. Ilihusu ugomvi wa Mama Mapacha na muuzaji mwenzake juu ya mpaka wa vibanda vyao. Ilisema jambo hilo limemalizwa. Basi. Hakuna ndege, hakuna Canada.

Tangu siku ile nimelifuata hili neno kwenye kamusi na vitabu vya historia, kila nilipopata kitabu au bando. Niliyoyakuta nayaweka hapa, kwa ajili ya wanaopokea barua na pia kwa ajili ya wanaoziandika.

Tuanze mbali. Kabla ya mwaka 1066, Wanormani walipokuwa hawajavuka bahari kutoka Ufaransa kuja kuitawala Uingereza, Waingereza wa kale walikuwa na neno setl. Maana yake kiti, au mahali pa kukaa. Kutoka hapo wakapata kitenzi setlan, yaani kumkalisha mtu au kukiweka kitu mahali pake. Ni ukoo mmoja na sit, kukaa, na set, kuweka, na hata saddle, tandiko la farasi. Ukoo wenyewe ni mpana: Kilatini kina sedere, kukaa, na huko ndiko yalikotoka "resident", mkazi, na "president", yule anayekaa mbele ya wengine. Mpaka leo kuna benchi refu la mbao la Kiingereza, lenye mgongo wa juu, ambalo jina lake ni settle.

Jua kuzama, watu hao waliita setlgang, yaani jua kwenda kwenye kiti chake. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana sisi tunasema jua limetua. Mzigo tunautua kutoka kichwani, ndege anatua mtini, maji machafu ukiyaacha kwenye ndoo yanatuama, moyo unatulia, na mahali pa kufikia tunapaita kituo. Kiingereza nacho hutumia settle kwa ndege, kwa vumbi, kwa matope ya chini ya ndoo na kwa moyo. Watu wawili walio mbali kabisa, wamefikiria jambo moja.

Lakini kuna mzizi wa pili. Katika karne ya 9, wapiganaji kutoka Denmark na nchi za jirani waliivamia Uingereza, na wengi wao wakabaki wakalima mashamba kaskazini na mashariki. Lugha yao ikachanganyika na ya wenyeji, kama Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kichewa vinavyochanganyika hapa kwenye foleni ya maji. Kutoka kwao Waingereza walipata neno saht, mapatano baada ya ugomvi, na wakalitengenezea kitenzi, sahtlian, kupatanisha. Miaka ikapita, matamshi yakasogeleana, na wataalamu wa kamusi wanaona kwamba vitenzi hivi viwili vilimezana. Ndiyo maana settle ya leo inamkalisha mtu na pia inamaliza kesi. Na kesi ikiisha mara nyingi kuna malipo, kwa hiyo kulipa deni nako kukaitwa settle. Barua ya Mama Mapacha ilitoka upande wa mapatano. Mimi niliisoma kwa upande wa kiti.

Sasa tufike pale ambapo neno liliingia kwenye sheria, na hapa ndipo nilipolala usiku nikisoma.

Mwaka 1662, wakati wa Mfalme Charles II, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maskini ambayo watu walizoea kuiita Sheria ya Settlement. Kila mtu alihesabiwa kuwa na parokia moja ambayo ni yake, na hiyo tu ndiyo iliyolazimika kumsaidia akiugua, akizeeka au akikosa kazi. Haki hiyo iliitwa "settlement". Ukihamia parokia nyingine, ukapanga nyumba ya kodi ya chini ya paundi 10 kwa mwaka, wasimamizi wa maskini walikuwa na siku 40 za kukulalamikia. Mahakimu wawili wakikubali, unarudishwa ulikotoka. Hukuwa umeiba kitu. Kosa lako ni kwamba siku moja unaweza kuomba msaada.

Mke alifuata settlement ya mumewe. Kijana asiyeoa aliyeajiriwa mwaka mzima aliweza kuipata ya mahali anapofanya kazi, hivyo waajiri wengine wakaandika mkataba wa wiki 51, mwaka usitimie. Mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa mahali alipozaliwa, na kwa sababu hiyo wajawazito wasio na waume walisukumwa watoke kwenye parokia kabla ya kujifungua. Kuanzia 1697 maskini aliyepokea msaada alitakiwa kushona kwenye bega la nguo yake herufi P, pamoja na herufi ya parokia yake. Mwaka huo huo sheria ilipanua matumizi ya cheti: mtu akitaka kutoka kutafuta kazi, parokia yake inaandika kwamba ni wao watakaompokea akishindwa. Ni mwaka 1795 tu ndipo sheria ilipobadilishwa, ikawa mtu haondolewi mpaka awe ameomba msaada kweli.

Mimi nilipofika kwenye cheti nilifunga kitabu kwanza. Nchi hii ya Malawi, iliyotupokea na ambayo tunaishukuru, iliingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ikiweka masharti, mojawapo kuhusu uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje warudi Dzaleka, kambi iliyofunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000 na sasa ina zaidi ya 50,000, mahali ambapo zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Wengi waliorudi siku zile mnawajua, ni majirani zenu. Sisemi ni jambo lile lile. Nasema hofu ni ile ile: mgeni maskini atatugharimu.

Na msifikiri neno lilikuwa la maskini peke yao. Mwaka 1701 bunge hilo hilo lilitunga sheria nyingine yenye neno settlement, ya kuamua nani atakalia kiti cha ufalme. Wakatoliki wakafungiwa mlango, urithi ukapelekwa kwa Sophia wa Hanover, Mjerumani, na kizazi chake. Kwa hiyo mgeni aliweza kupewa hata kiti cha enzi. Ilitegemea ni mgeni gani.

Kisha neno likapanda meli. Waingereza waliokwenda kuchukua ardhi za watu wengine waliitwa settlers, wenye kujikalisha. Kiswahili kilikuwa na neno lake, mlowezi, kutoka kulowea, lakini Kenya watu walilichukua la Kiingereza lenyewe wakasema setla, masetla. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Sheria ya 1902 ikafungua njia ya kuwagawia Wazungu ardhi, na ile ya 1915 ikaruhusu mikataba ya miaka 999. Wakikuyu, Wamaasai, Wanandi na wengine waliokuwa wakiishi, kulima na kuchunga huko, wengi wakajikuta ni vibarua kwenye ardhi ile ile. Hao waliitwa kwa Kiingereza squatters, skwota, na kitenzi chake maana yake ni kuchuchumaa. Hebu angalia picha: shamba moja, mmoja ameketi kitini, mwingine amechuchumaa chini, na aliyechuchumaa ndiye mwenyeji.

Hapa Malawi pia masetla walikuwepo, kwenye mashamba makubwa ya kusini. Mwenyeji aliyekutwa anaishi ndani ya mipaka ya shamba alilazimika kumfanyia kazi mwenye shamba badala ya kodi, na kazi hiyo iliitwa thangata. Muulizeni rafiki yenu Mmalawi: neno lenyewe asili yake ni kusaidia. Chuki ya thangata ni moja ya sababu za uasi wa John Chilembwe mwaka 1915.

Afrika Kusini ndiko nilikokuta neno tunaloliombea kila siku. Mwaka 1954 serikali ya ubaguzi ilitunga sheria ya "resettlement" ya Waafrika. Februari 1955 polisi kama 2,000 waliingia Sophiatown, mtaa wa Johannesburg, wakapakia familia na vitanda vyao kwenye malori na kuzipeleka Meadowlands. Mtaa ukabomolewa, ukajengewa Wazungu na kuitwa Triomf, ushindi. Kwenye karatasi watu wale walikuwa "resettled". Hakuna aliyepiga vigelegele.

Lakini neno halina ubaya tu, na sitaki msomaji aondoke hivyo. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Uingereza iliunda bodi ya resettlement na kuwapokea watu kama 28,000. Mwaka huo huo Warundi waliokimbia mauaji walianza kupewa ardhi magharibi mwa Tanzania, na baadaye sehemu hizo, Katumba, Ulyankulu na Mishamo, Kiingereza kiliziita settlements, Kiswahili kikaziita makazi. Walilima, wakajitegemea, na kuanzia 2014 watu kama 162,000 kati yao na watoto wao walithibitishiwa uraia. Ndiyo tofauti ya settlement na kambi: kwenye settlement, angalau, unapewa kipande cha kulima.

Sasa naomba mnisikilize kidogo kwa habari ya sarufi, nitamaliza upesi. Mtu akisema kwa Kiingereza "they settled", hujui kama waliketi wenyewe, walipatana au walilipa. Neno ni lile lile moja. Kiswahili hakifichi hivyo. Kukaa ni kazi yangu. Kukalisha, mimi namkalisha mwingine. Kukalishwa, mwingine kanikalisha. Kutulia, kutuliza, kutulizwa. Silabi moja tu ikiongezeka unajua nani ana nguvu na nani hana. Setla alikaa. Maskini wa 1662 alirudishwa. Mtu wa Sophiatown alihamishwa. Na resettlement yetu, tukiitafsiri bila kuipamba, ni kukalishwa tena: UNHCR inapendekeza jina, nchi ya mbali inaamua, na UNHCR yenyewe husema wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Sisi wengine tunasubiri. Na mtu anayesubiri kukalishwa, miaka 10, miaka 15, anaogopa hata kununua meza.

Kwa hiyo nyinyi wafanyakazi wa mashirika, mkiandika "settled", tafadhali ongezeni maneno matatu: kitu gani, na nani, kwa nani. Na sisi wasomaji wa mitaani, tusiruke mpaka kwenye neno tunalolitamani. Kwenye kikundi changu cha vijana siku hizi tuna sheria: barua ya mtu inasomwa na wawili, mpaka mwisho, kabla ya kufungua mdomo.

Mama Mapacha hakunitukana. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Sasa meza nitaipata wapi?" Nilimlipa ile meza kidogo kidogo kutoka kwenye posho yangu, ikachukua miezi 7. Kwa Kiingereza wangesema nime-settle. Masufuria hakuyapata tena. Yeye bado yuko hapa, sehemu ile ile, anauza usipa, na kesi yake ile ya kweli bado haina jibu. Barua mpya ikija bado ananiita mimi. Ila siku hizi ananisogezea kigoda kwanza, ananiambia, "Keti. Ukishatulia ndipo usome."