Uvumilivu na Wasiovumilia

Uvumilivu ni sifa ambayo watu wote huisifu na wachache huiweza. Kumvumilia mtu ambaye rai yake hutofautiana kidogo na yetu si kazi. Hiyo ni adabu ya kawaida ya ujirani. Mtihani huja pale anaposimama mtu na kudai kwamba jirani fulani, kwa sababu ya rangi, kabila au dini yake, hana haki ya kuwa jirani. Je, rai hiyo nayo ivumiliwe? Tukimziba kinywa msemaji, tumevunja kanuni tuliyoihubiri; tukimwachia kila kitu, yamkini ataivunja yeye, wala hatabakiza mtu wa kuijenga tena. Nchi yetu imekwisha kulijibu swali hili zaidi ya mara moja, na miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa na sehemu yake katika majibu hayo.

Soko la Kiboriloni liko mashariki ya mji wa Moshi, kando ya barabara iendayo Himo, mahali inapoanzia njia ya kupanda Old Moshi. Katika miaka ya 1950 Wachaga, watu wa makabila mengine, Wahindi, Wagiriki na Waingereza walikutana Moshi kwa biashara ya kahawa na mkonge, lakini serikali haikuwahesabu sawa. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanywa kwa awamu mbili mwaka 1958 na 1959, uliwekewa sharti la kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Lilikuwa sharti la dhuluma, kwa maana wachache walipewa viti sawa na wengi. Hata hivyo, mkutano wa TANU uliofanywa Tabora Januari 1958 uliamua kushiriki. Katika Jimbo la Kaskazini, ambalo Moshi ilikuwa ndani yake, walichaguliwa Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, wote watatu wakiungwa mkono na TANU. Sharti lililowekwa ili kuwagawa watu likageuka kuwa njia ya kuwaunganisha.

Si wote walioridhika. Zuberi Mtemvu alijitenga na TANU mwaka huo huo, akaunda chama cha African National Congress, kilichodai Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Haki yatudai tuseme kwamba rai hiyo haikuzuka hewani. Watu walikuwa wameonja dharau ya miaka mingi: mashamba makubwa mikononi mwa wageni, mishahara iliyopangwa kwa rangi, na milango iliyofunguliwa kwa mmoja na kufungwa kwa mwingine. Lakini kidonda cha kweli chaweza kutiwa dawa ya uongo. Rai ya Mtemvu ilitaka kuiondoa dhuluma ya rangi kwa kuibadilisha rangi tu.

Rai hiyo iliingia hata ndani ya ukumbi wa Bunge. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, ulipojadiliwa muswada wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Mwafrika peke yake. Julius Nyerere hakuwafukuza wala hakuwafunga. Alisimama akawajibu kwa ukali, akawaonya kwamba anayeanza kubagua kwa rangi hatakosa kesho kabila la kubagua, na akaweka cheo chake rehani: kanuni hiyo ikikataliwa, serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita. Mwaka uliofuata, Novemba 1962, Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere. Alipata kura zaidi ya 21,000, na mwenzake zaidi ya 1,100,000. Rai ilisemwa, ikasikiwa, ikapimwa, ikashindwa mbele ya watu.

Walakini, si kila mahali hoja hupewa nafasi ya kujibiwa. Karl Popper, mwanafalsafa mzaliwa wa Austria, aliandika mwaka 1945 kwamba uvumilivu usio na mpaka hujiangamiza wenyewe. Ushahidi wa maneno yake ulisikilizwa Arusha, jirani yetu. Redio iitwayo Radio Télévision Libre des Mille Collines ilianza kutangaza Rwanda mwaka 1993, ikawaita Watutsi mende. Mwaka 1994 ikawa chombo cha mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufani ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini haikumwachia huru hata mmoja. Katika uamuzi huo majaji walitenganisha kwa makini maneno ya chuki na maneno yaliyowachochea watu moja kwa moja kuua. Huo ndio mpaka tunaoutafuta.

Lakini mpaka huhitaji mlinzi, na mlinzi naye huhitaji kuchungwa. Wamisionari Waingereza wa Church Missionary Society walikaribishwa Old Moshi na Mangi Rindi mwaka 1885. Juni 1892 askari wa mwanawe, Mangi Meli, waliwashinda Wajerumani, na kiongozi wao von Bülow akauawa. Watawala wakawashuku wamisionari kuwa wachochezi, wakawalazimisha kuondoka, wakahamia Taveta. Mwenye nguvu, akiogopa, humwita mchochezi yeyote asiye wake. Vivyo hivyo sheria ya chama kimoja ya mwaka 1965 haikuwanyamazisha wabaguzi peke yao. Ilimnyima sauti ya upinzani hata aliyekuwa na hoja njema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na taifa lisilosikia rai zake mbaya halijui ugonjwa wake.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 iliruhusu tena vyama vingi, ikakataza kusajiliwa chama chenye nia ya kuendeleza maslahi ya dini, kabila, rangi au eneo moja. Haikumkataza mtu kuwaza. Ilikataza ubaguzi kupewa ngazi ya kupandia kwenye utawala. Nadhani hapo ndipo penye haki. Rai ya kutovumilia ivumiliwe maadamu ni rai, isivumiliwe inapotaka kuwa amri au panga. Na atakayeamua kwamba mpaka umevukwa awe ni hakimu, hadharani, mshtakiwa akiwa na haki ya kujitetea na kukata rufani. Yaliyobaki ni kazi yetu wenyewe, sokoni, kanisani, msikitini na barazani: kumjibu mbaguzi kila anaposema, kama alivyojibiwa mwaka 1961. Anayenyamaza mbele yake kwa kudhani kwamba anavumilia, huenda ni mvivu tu wa kujibu.