Pauka na ungua (katika video)

Vitenzi hivi viwili hutumiwa mara nyingi kama visawe, ilhali vinataja kasoro mbili zenye tiba tofauti. Video iliyopauka bado ina picha yake yote. Iliyoungua imepoteza sehemu ya picha, na sehemu hiyo hairudi.

pauka *kitenzi si elekezi*. Kwa asili, ni kupoteza rangi au mng'ao: ngozi isiyopakwa mafuta hupauka, na kanga iliyoanikwa juani siku nyingi hupauka. Maana hiyo imehamia kwenye video ya HDR, yaani video yenye mawanda mapana ya mwangaza, inapotazamwa kwenye skrini ya kawaida. Simu za iPhone 12, zilizotoka mwaka 2020, na nyingi zilizofuata zinaweza kurekodi video ya namna hiyo. Mtu akirekodi shamba la alizeti mkoani Singida saa sita mchana, njano huwaka kwenye simu yake. Faili hiyohiyo ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyoitambua HDR, alizeti huonekana kama zimemwagiwa vumbi.

Hapo hakuna kilichoharibika. Tarakimu za faili huandikwa kwa kanuni moja na kusomwa kwa nyingine. Kanuni ya PQ hufika hadi kandela 10,000 kwa mita ya mraba, ilhali video ya kawaida (SDR) hukadiriwa kwa skrini ya kandela 100. Rangi nazo hupimwa kwa eneo pana la BT.2020, kisha skrini huzisoma kana kwamba ni za BT.709, ambalo ni dogo zaidi. Wengi hujaribu kutibu mpauko huo kwa kuongeza rangi kwa mkono. Matokeo yake nyuso hugeuka rangi ya chungwa, na shamba bado halijawa lenyewe.

ungua *kitenzi si elekezi*. Sehemu ya picha huungua pale mwangaza unapovuka kikomo, ikabaki weupe mtupu: mawingu, shela la bibi harusi, maji ya Ziwa Singidani yanayoakisi jua. Jambo hili laweza kutokea ndani ya kamera, na hapo mhariri hana la kufanya. Laweza pia kutokea mezani pake, wakati wa kuigeuza HDR kuwa SDR, na hilo ndilo linaloepukika.

Kata au bana? Kusema "kugeuza" si kosa, lakini kitenzi hicho hakielezi kinachofanyika. *Kukata* ni kuacha kila kinachovuka kikomo kiwe cheupe. *Kubana* ni kushusha sehemu zenye mwangaza mkali kidogokidogo hadi zienee. Katika programu ya bure ya FFmpeg, kichujio kiitwacho tonemap kina chaguo la clip, ambalo hukata, na machaguo ya hable na reinhard, ambayo hubana. La mwisho limepewa jina la mtafiti Erik Reinhard, aliyechapisha mbinu hiyo na wenzake mwaka 2002. Kabla ya kubana, sharti tarakimu zirudishwe kwenye uwiano wa mwanga halisi, la sivyo hesabu yote hupotoka.

Kubana nako kuna gharama. Mawingu yakiokolewa kupita kiasi, uso wa mkulima huingia gizani na picha nzima huwa bapa. Ni afadhali kuulinda uso na kuyabana mawingu, kwani mtazamaji huanza na uso.

Tanbihi. Istilahi "kulinganisha toni" haipendekezwi. Toni ina kazi yake katika isimu, na kwa msomaji wa Singida, ambako Kinyaturu ni lugha ya toni, neno hilo humpeleka kwenye sauti badala ya mwanga. "Kubana mwangaza" hutosha. Vivyo hivyo, *mawanda* ni bora kuliko *masafa*, ambayo watangazaji wameshayazoea kwa mawimbi ya redio.

Mifano

*Video ya harusi imepauka kwenye televisheni, ila kwenye simu iko sawa.* (Igeuzwe upya kutoka faili ya awali.)

*Shela limeungua hata kwenye simu iliyorekodi.* (Faili ya awali haitasaidia, itafutwe picha ya kamera nyingine.)

*Mhariri ameukata mwangaza badala ya kuubana, maji ya ziwa yakaungua.*