Kurejesha seva ya wingu: historia fupi toka Mata

Kwetu Mata, Taveta, kuendesha seva ya ng'ambo kulikuwa kazi ya subira: Kenya ilitegemea setilaiti hadi mikongo ya baharini ilipofika Mombasa 2009. Mwaka mmoja kabla, Amazon ilizindua diski za EBS pamoja na snapshoti, yaani picha ya diski inayohifadhiwa pembeni.

Aprili 2011 EBS ilianguka Virginia. Asilimia 0.07 ya diski za kanda hiyo hazikurudi salama. Wenye snapshoti waliunda diski nyingine.

Machi 2021 kituo cha OVH kiliungua Strasbourg. Baadhi ya wateja walipoteza hata bekapu, kwani zilikaa humo humo.

Ndiyo maana nakala zangu zinalala kanda nyingine, na kila mwezi narejesha moja nione kama inawaka.