Kipimo cha damu cha kaswende: jibu linahakikishwaje?

Mjamzito anapoanza kliniki hupimwa VVU na kaswende. Akiambiwa hana kaswende kumbe anayo, mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa mgonjwa. Akiambiwa anayo kumbe hana, ugomvi unaingia nyumbani bure. Ndiyo maana maabara inatakiwa kukagua kazi yake kila siku.

Vituo vingi hutumia kipimo cha haraka, kwa tone la damu ya kidole. Kina mstari wa uhakiki. Usipotokea, jibu halihesabiwi, unapimwa upya kwa kifaa kingine. Jibu lisomwe ndani ya muda ulioandikwa na mtengenezaji, kwa vingi dakika 15 hadi 20. Kikiachwa mezani, mstari hafifu unaweza kujitokeza na kudanganya. Joto nalo ni adui: vifaa vingi havitakiwi kuzidi nyuzi 30, na Kakuma mchana hupita 35. Stoo ya bati haifai.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni hili. Kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, na hizo kwa kawaida hubaki mwilini hata baada ya kupona. Mtu aliyetibiwa Nyarugusu anaweza kupimwa Nakivale miaka kadhaa baadaye akaambiwa "ipo". Haimaanishi mwenzi wake ametoka nje ya ndoa. Hapo kinahitajika kipimo cha pili kiitwacho RPR, ambacho huonyesha kiwango. Kikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8 au chini zaidi, dawa imefanya kazi. Lakini RPR nayo inaweza kukosea kwa sababu ya malaria au mimba yenyewe, hivyo vipimo hivi viwili husomwa pamoja. Mjamzito asisubiri: kipimo cha haraka kikionyesha kaswende, na hajawahi kutibiwa, achomwe sindano ya penisilini siku hiyohiyo.

RPR inataka umakini. Dawa yake hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika usiku kucha lazima mtu aangalie kipimajoto kabla ya kuitumia. Kabla ya damu za wagonjwa, mtaalamu hupima kwanza sampuli anazojua majibu yake, moja yenye kaswende na moja isiyo nayo. Zikikosea, kazi inasimama. Mara kwa mara maabara pia hutumiwa sampuli za siri kutoka nje, kama mtihani, na majibu yake husahihishwa huko.

Kwa VVU, Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linashauri vipimo 3 tofauti vikubaliane kabla ya mtu kuambiwa anavyo.

Una haki ya kuuliza: ni kipimo gani kimetumika? Jina langu limeandikwa kwenye chupa kabla sijaondoka? Omba jibu, tarehe na dawa uliyopewa viandikwe kwenye kadi, na uitunze hasa ukihama kambi. Ikiwa ulifanya ngono bila kinga karibuni na kipimo hakikuonyesha kitu, rudi baada ya miezi 3.